Kiangazi cha Dirishani

Dungusi kakati mara nyingi haifi kwa baridi. Hufa kwa maji yaliyoikuta wakati wa baridi. Naishi Erfurt, mji wa katikati ya Ujerumani, na kila Februari huona watu wakibeba vyungu vyao kwenda jalalani huku wakiilaani hali ya hewa, ilhali mwenye kosa ni keni ya kumwagilia iliyosimama kwenye kona ya jikoni. Mmea ulioingia Desemba ukiwa mgumu na wa kijani sasa unabonyea ukiugusa shinani. Ukiuinua, ganda linabaki mkononi, na ndani mna uji wa kahawia unaonuka.

Hobi hii ya kutunza dungusi sikuja nayo kutoka nyumbani. Mimi ni mtu wa Dodoma, na kwetu mpungate ni ua wa kuzuia mbuzi, si pambo. Tulipokuwa wadogo tulikula matunda yake. Tulikuwa tunalidondosha tunda kwa fimbo, tunalibiringisha mchangani kwa soli ya ndala mpaka vinyoya viishe, halafu tunalipasua. Vinyoya havikuisha hata siku moja. Jioni tulikaa mlangoni penye mwanga, midomo wazi, mama akituchomoa kimoja kimoja kwa kibano huku akituuliza kama nyumbani hakuna chakula. Upande wa pili wa boma ulisimama mnyaa, na huo tulikatazwa hata kuuvunja kijiti, maana maziwa yake yakiingia jichoni hulali.

Kwa akili zetu za kitoto mpungate na mnyaa vilikuwa ndugu. Sivyo. Mnyaa ni wa ukoo mmoja na mhogo na mbono. Dungusi ina ukoo wake, na alama yake ni kile kijivimbe chenye manyoya ambamo miiba yote hutokea kwa pamoja. Ukoo huo asili yake ni bara la Amerika, kuanzia Kanada mpaka kusini kabisa mwa Argentina. Aina moja tu, Rhipsalis baccifera, ndiyo inayoota yenyewe Afrika, nayo haina sura ya jangwa hata kidogo: inaning'inia kwenye miti ya misitu ya mvua, haina miiba ya kutisha, na mpita njia anaweza kudhani ni mizizi ya mti mwingine. Mpungate wenyewe uliletwa na watu.

Nilipompigia mama simu kumweleza kwamba nimenunua dungusi mbili, mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenunua nini?"

"Dungusi. Ni ndugu zake mpungate."

"Kwa hela?"

"Kwa hela, mama. Euro saba."

Alinyamaza. Halafu akasema, "Baba yako anaukata kwa panga kila mwaka na haufi. Ungesema tukutumie."

Aliyeniingiza katika jambo hili ni bibi mmoja wa ghorofa ya tatu. Desturi ya hapa ni kumwita mtu mzima kwa jina la ukoo, na ndivyo nilivyomwita miaka yote. Katika maandishi haya nitamwita Bibi, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa kwangu. Nyumba yetu ni ya zamani, ngazi zake za mbao, na kila zamu ya ngazi ina dirisha refu linalotazama kusini. Oktoba ikielekea mwisho, Bibi alitoa vyungu vyake vyote sebuleni na kuvipanga kwenye vizingiti vya madirisha hayo ya ngazini. Pale hakuna hita. Usiku wa jalidi kioo huganda kwa ndani. Mimi nikirudi kutoka zamu ya usiku hospitalini, nimevaa koti, skafu na kofia ya sufu, nilipita mbele ya mimea ile imekaa kwenye baridi ileile, udongo wake umekauka kiasi kwamba ukiupuliza unatoa vumbi. Nilidhani ameifukuza.

Siku moja nikajitolea kumsaidia kumwagilia, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua.

"Ukiigusa kwa maji," alisema, "nitakutangaza nyumba nzima." Kisha akaniuliza natoka wapi. Dodoma hakuijua, na hakujali. Alitaka jambo moja tu: "Huko kwenu, mvua hainyeshi miezi mingapi?"

"Saba. Mwaka mbaya, zaidi."

"Basi wewe huna cha kufundishwa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Erfurt iko kwenye bonde la Thuringia, ambalo milima ya Harz na msitu wa Thuringia hulikingia mvua, kwa hiyo ni mmoja wa miji mikavu ya Ujerumani. Mvua yake ya mwaka ni milimita 500 na ushei. Ya Dodoma nayo ni milimita 500 na ushei. Miji miwili isiyofanana kwa lolote inapata karibu maji yaleyale, ila Dodoma huyapokea karibu yote kati ya Desemba na Aprili kisha mbingu inafungwa, na Erfurt huyapata kwa manyunyu ya kila mwezi, mwaka mzima, bila mwezi mmoja wa kupumzika.

Sasa ichukue Rebutia, kidungusi cha mviringo kinachoenea kiganjani, asili yake Andes za Bolivia na kaskazini-magharibi mwa Argentina. Kwao mvua hunyesha wakati wa joto. Wakati wa baridi ni jua kali mchana, jalidi usiku, na tone la maji hakuna. Miezi yake ya ukavu ni karibu ileile ya Dodoma. Ukiileta Ulaya, inageuza kalenda lakini haiachi desturi. Novemba ikifika haihitaji blanketi wala chumba chenye joto. Inahitaji kiangazi, na kiangazi hicho mwenye mmea ndiye anayekitengeneza, pale dirishani, kwa kuificha keni.

Hapo ndipo mtu wa nchi kame anapowazidi wenzake. Majirani zangu wengi wanaona mmea usiopewa maji unateswa. Mimi nimekulia mahali ambapo mbuyu unasimama bila jani nusu ya mwaka na hakuna anayeulilia. Kusinyaa hakunitishi. Dungusi inayolala vizuri hupungua, mbavu zake hujitokeza, rangi hufifia, na ukiitazama unaweza kusema imekwisha. Haijaisha. Kipimajoto cha Bibi kilichoning'inia kwenye komeo la dirisha kilisoma kati ya nyuzi 5 na 10 majira yote, na hicho ndicho kiwango kinachozifaa dungusi nyingi za milimani na za nyanda za Meksiko. Zipo zinazokataa: Melocactus, kwa mfano, ni ya joto na ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi inaanza kuumwa. Na ile inayochanua karibu na Krismasi, Schlumbergera, ni ya misitu ya milima ya pwani ya Brazili, inaota juu ya miti, na kuinyima maji Desemba ni kuiua kweli. Mtu anunue mmea akiujua jina lake. Jina ndilo linalokwambia kwao ni wapi, na kwao ndiko kunakokwambia uufanyeje.

Jambo ambalo Dodoma haikuweza kunifundisha ni mwanga. Kwetu mchana ni saa kumi na mbili Januari na saa kumi na mbili Julai, hakuna anayeuhesabu. Erfurt iko nyuzi 51 kaskazini mwa ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza saa mbili na robo asubuhi na saa kumi na robo hivi jioni limeshazama, tena hiyo ni siku lilipoonekana. Mmea ukiwekwa sebuleni juu ya hita, joto linauambia ukue na mwanga unauambia hakuna chakula. Unatii joto. Unajivuta kuelekea kioo, unatoa shingo nyembamba ya rangi ya njano, miiba yake laini isiyochoma. Machipuko yakija na jua likarudi, sehemu mpya hunenepa tena, lakini shingo inabaki hapo maisha yote. Ukiingia nyumba ya mtu ukaona dungusi yenye viuno vitatu, ujue imepitisha majira matatu ya baridi karibu na hita. Ubaridi wa ngazini ulikuwa unafanya kazi hiyo tu: kuulaza mmea usiuone upungufu wa mwanga.

Desemba moja nilikwenda nyumbani likizo. Chumba cha pili cha fleti yangu alikuwa anakaa kijana mmoja mkarimu sana, mpangaji mwenzangu. Akaona udongo umekauka, mimea imenywea, roho ikamuuma. Akaitoa dirishani, akaisogeza karibu na hita, akainywesha kila Jumapili baada ya kanisa. Niliporudi, Mammillaria mbili zilikuwa zimeoza na Echinopsis kubwa imeota shingo ndefu. Kugomba kungesaidia nini? Alifanya ambacho mtu mwema hufanya. Kazini kwetu nayo hutokea: mgonjwa anasubiri upasuaji, amekatazwa kunywa, anaomba maji kwa macho, na ndugu aliyekuja kumtazama anamnywesha kwa siri kwa huruma. Kinachotakiwa hapo ni mtu wa kusimama mlangoni na kusema hapana, na kusema hapana ni kazi ngumu kuliko kumimina.

Ile Echinopsis ilipona kwa kisu. Nilikisafisha kwa spiriti, nikaikata chini ya shingo mpaka nikafika kwenye nyama nzima ya kijani kibichi. Katikati ya mkato palionekana duara dogo, jeupe zaidi ya pengine: hiyo ndiyo mishipa inayopandisha maji. Kichwa nilikiacha kwenye rafu, kavu, bila udongo, mpaka jeraha likafunga ngozi ya kahawia iliyojikunja kuelekea ndani. Nikakikalisha juu ya kokoto kavu na kusubiri. Mizizi ilitoka palepale kwenye lile duara, minene, myeupe yenye wekundu kwa mbali. Na kile kisiki kilichobaki chunguni kilitoa watoto pembeni, ambao nimewagawa hospitalini mpaka wodi za watu nisiowajua.

Machi ndiyo mwezi wenye uhondo. Shinani mwa Rebutia, kati ya miiba, hutokea vidoto vya rangi ya kahawia nyekundu, vidogo kuliko ulezi. Bibi alikuwa na kioo cha kukuzia, akiinama juu ya kila chungu kila asubuhi. Swali lilikuwa moja: hivyo vidoto ni maua au ni vichipukizi? Alikataza maji mpaka kidoto kifikie ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, kwa maelezo kwamba ukiwahi kumwagilia, kilichokusudia kuwa ua hubadili nia kikawa mtoto. Halafu Mei, karibu na adhuhuri jua likigonga kioo, maua yanafunguka yote pamoja kuzunguka shina, mekundu, ya chungwa, mpaka mmea wenyewe hauonekani. Saa tisa alasiri yanajifunga. Kesho yanafunguka tena. Zile Rebutia zilizopitisha majira ya baridi sebuleni kwenye joto hazikufanya hivyo, na haziwezi. Bila ubaridi ule mkavu hakuna ua.

Echinopsis ina tabia nyingine. Wajerumani wa vijijini wamekuwa wakiiweka madirishani kwa vizazi, kwa hiyo hakuna anayeiona ya ajabu, na hilo ni kosa lao. Inatoa mrija mrefu wenye manyoya, unanyanyuka siku baada ya siku, kisha jioni moja unafunguka ua jeupe pana kuliko kiganja, lenye harufu nzuri, na kesho yake jioni limeshalegea. Bibi hakukubali ua lipite bila mashahidi. Alibisha milango ya nyumba nzima saa nne usiku, watu wakatoka na kandambili na magauni ya kulalia, wakasimama ngazini kuutazama mmea. Nimekaa nyumba hii muda mrefu, na wengi wa majirani zangu nilifahamiana nao usiku kama huo.

Watu wa Erfurt wana sababu ya kuzipenda dungusi hivyo. Mwaka 1822 Friedrich Adolph Haage alifungua hapa kitalu chake, na Kakteen-Haage bado kipo, bado mikononi mwa ukoo huohuo, baada ya vita kuu mbili na miaka yote ya Ujerumani Mashariki. Chama cha wapenda dungusi cha nchi, Deutsche Kakteen-Gesellschaft, kiliundwa mwaka 1892. Hata kabla yake mchoraji Carl Spitzweg alikwishawachora waungwana waliovaa majoho wakiinama kwa mahaba mbele ya dungusi zao, kwa kejeli ya upole. Bibi alinisimulia kwamba enzi za Ujerumani Mashariki, walipokuwa hawana ruhusa ya kusafiri magharibi, wapenzi wa mimea hii walibadilishana mbegu kwa bahasha na wenzao wa Chekoslovakia, nchi ambayo nayo ilikuwa na mila kubwa ya dungusi tangu enzi za Alberto Vojtěch Frič, yule Mcheki aliyezunguka Amerika akizitafuta. Mbegu kumi za Meksiko, zilizovunwa Brno, Chekoslovakia, zilioteshwa kwenye dirisha la Erfurt. Mtu hakuruhusiwa kwenda, mmea ukaja.

Kuanzia Aprili keni inatoka mafichoni, taratibu. Kwanza manyunyu, halafu nusu kikombe, halafu maji ya kutosha yanayopita mpaka tundu la chini, kisha unangoja udongo ukauke kabisa ndipo urudie. Maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba. Nje kwenye roshani dungusi hazitoki kabla ya katikati ya Mei. Hapa kuna watakatifu wa barafu, sikukuu zao ni tarehe 11 hadi 15 Mei, kuanzia Mamertus mpaka Sophia, na mkulima yeyote wa bustani, awe anasali au hasali, anawaheshimu, maana jalidi la mwisho hupenda kuja siku hizo. Na siku ya kwanza nje mmea ufunikwe kitambaa chepesi cha pazia. Ngozi iliyokaa nyuma ya kioo miezi sita huungua kwa jua la mchana mmoja, na alama yake, doa jeupe linalogeuka kahawia, haifutiki.

Majira ya joto ya huku yanazifaa kuliko mtu anavyotarajia, na sababu ni usiku. Dungusi hupumua kinyume na mahindi. Mchana wa jua vitundu vya ngozi yake vimefungwa ili maji yasipotee. Usiku hufunguka, huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi kama asidi, kesho yake jua likiwaka ndipo inaitumia. Usiku wenye ubaridi kidogo unairahisishia kazi hiyo. Kwa hiyo mimi humwagilia jioni, nikitoka kazini.

Udongo nisiupite haraka, kwa sababu maduka yanauza mmea ndani ya mboji tupu ya kinamasi. Mboji hiyo ikikauka inakuwa tofali na maji yanapita pembeni; ikilowa haikauki wiki tatu. Kitu cha kwanza ni kuitoa. Unakunja gazeti mara kadhaa mpaka liwe utepe mnene, unaizungushia dungusi kiunoni, unainyanyua bila kuchomwa, unaitingisha mizizi, unaipanda kwenye mchanganyiko wa kokoto nyepesi za volkano na mchanga mkubwa, na mboji kiasi cha ngumi tu. Usimwagilie wiki nzima, mizizi iliyokatika ifunge kwanza. Maduka hayohayo huuza dungusi zilizobandikwa maua makavu kichwani kwa gundi ya moto. Nikiyaona huyang'oa palepale dukani, na sijutii.

Adui mwingine ni vidung'ata, wale wadudu weupe wenye pamba ambao mkulima wa mihogo anawafahamu. Wanajificha kati ya miiba na wengine chini kwenye mizizi, wananyonya. Brashi ndogo na spiriti inawamaliza ukiwawahi. Nilipokuwa nawafuta mmoja mmoja nilikumbuka kwamba jamaa yao wa mbali ni msaidizi huko Kenya. Laikipia imevamiwa na mpungate aina ya Opuntia stricta, ulioletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya ua. Nyani na tembo wanakula matunda na kusambaza mbegu, mbuzi wanachomwa midomo na macho, malisho yanafungika. Dawa iliyoonekana kufaa ni mdudu Dactylopius, wa jamii ileile inayotoa rangi nyekundu ya kokinili. Anaachiliwa kwenye mpungate, anaunyonya mpaka unanyauka. Mmea ambao mimi naupangia ratiba ya mwanga na kipimajoto, kule umekuwa balaa la wafugaji. Kwa hiyo naomba kwa dhati: mwenye hobi hii akiwa nchi ya joto, vipande alivyovikata avichome moto. Asivitupe nje ya ua.

Bibi alihamia kwa binti yake Leipzig magoti yalipomshinda kabisa. Aliniachia vyungu karibu vyote na daftari lenye tarehe za mwisho za kumwagilia kila mwaka, kwa mwandiko wa kalamu ya risasi. Pia aliniachia sanduku la mbao uani, chini ya mchirizi wa paa, lenye Opuntia humifusa, aina ya mpungate wa Amerika Kaskazini inayokaa nje majira yote ya baridi. Hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Septemba inaanza kujikausha yenyewe: majani yake mapana, ambayo kwa kweli ni mashina, yanakunjamana, yanalegea, yanalala chini. Inapunguza maji mwilini ili utomvu uliobaki uwe mzito na barafu isipasue chembe zake. Theluji inaifunika. Aprili inanyanyuka, Juni inatoa maua ya njano. Sharti lake ni kokoto chini na paa juu.

Ndugu wa Njombe na Makete, nyanda za juu za Tanzania, wakisikia habari hizi wasidhani ni za Ulaya tu. Kwa hobi hii wao wana hali nzuri kuliko yangu. Kipupwe chao cha Juni na Julai ni baridi, kikavu, jalidi linashuka alfajiri, na juu yake wana mchana wa saa kumi na mbili ambao mimi nauota. Rebutia ikiwekwa kwenye kibaraza cha Makete itadhani imerudi Bolivia. Limuru, kule Kenya, ni habari nyingine, kwa sababu baridi ya kule huja na ukungu na manyunyu, hivyo bila bati linalopitisha mwanga juu ya meza mmea utaoza kama unavyooza Erfurt.

Mama bado anasubiri nimpelekee "mpungate wa kizungu" auone. Haitakuwa kwenye begi. Karibu dungusi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuvuka nazo mpaka kunataka kibali pamoja na cheti cha afya ya mimea. Vibali hivyo si usumbufu wa bure. Tathmini ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2015 iligundua kwamba karibu theluthi moja ya aina za dungusi ziko hatarini kutoweka, na mojawapo ya sababu kubwa ni watu wa hobi hii hii, wanaozitaka zile adimu, kubwa, zenye umri. Mwaka 2020 polisi wa Italia walikamata zaidi ya mimea 1,000 iliyong'olewa kwenye jangwa la Atacama, mingi ikiwa Copiapoa, na mwaka uliofuata mamia yake yakarudishwa Chile.

Kwa hiyo ukitaka kuanza, na uko nchi ya baridi, anza Machi, si Desemba. Nunua Rebutia changa ya euro chache iliyooteshwa kwa mbegu kitaluni. Ukionyeshwa mmea mzee wenye makovu na mizizi iliyokatwa, muulize muuzaji ulikotoka na karatasi zake ziko wapi, na akianza kusitasita mrudishie mmea wake, uondoke.